Maji ya Chai kwa Udongo

Kwa Wangare, maji ya mvua yalikuwa ya chai tu. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi. Hayo aliyatumia kuosha vyombo na kumwagilia shamba aliloachiwa na mama yake, kwenye tambarare karibu na Gilgil.

Lakini shamba lilikuwa limeharibika. Wakati wa jua, unga mweupe ulifunika udongo. Mvua ikinyesha, udongo uligeuka uji, kisha ukakauka ukawa mgumu kama sakafu. Sukuma wiki ilidumaa.

"Yule mtu wa murram amepiga simu tena," mumewe Muturi alisema. "Msimu huu ukikataa, tumkodishie achimbe udongo wake wa barabara."

Wangare aligeuka akalitazama shamba. Shamba likishachimbwa murram, halirudi. Na mama yake alikuwa amezikwa pale pale, kwenye kona ya juu.

Chepkosgei, afisa wa kilimo, alikuwa amefundisha kikundi chao cha akina mama kupima udongo kwa glasi ya maji: yakichafuka, udongo ni mgonjwa. Wangare alichukua kibonge kikavu, kidogo kama punje ya haragwe, akakitumbukiza polepole kwenye maji ya kisima. Akangoja mpaka jioni. Maji yalibaki maangavu.

"Udongo ni mzima!" alishangilia.

Kesho yake Chepkosgei alipita, akainamia ile glasi. "Haya ni maji gani, mama?"

"Ya kisima."

"Si nilisema ya mvua?"

"Ya mvua ni ya chai, madam!"

Chepkosgei akacheka. "Leo chai tutakunywa kidogo. Lete."

"Sasa udongo nao ni mgeni," Muturi akaguna.

Wangare alitia kibonge kingine kwenye maji ya mvua. Hakukoroga. Mwanzoni palitoka mapovu tu. Kisha kitu kama moshi kikaanza kutoka kando ya kibonge, kikatambaa, kikapanda. Githeri iliyokuwa jikoni ilipoiva, glasi nzima ilikuwa kama chai ya maziwa.

"Ngai! Na ni udongo ule ule?"

"Ule ule. Umeshikwa na magadi ya kisima. Ukiwa kwenye maji ya chumvi, unajikaza, unaonekana mzima. Ukipata maji matamu, unaachana kabisa. Chembe zake zinaziba njia, maji hayaingii."

"Kwa hivyo mvua ndiyo mbaya?" Muturi aliuliza.

"Mvua ni nzuri, mzee, lakini jasi, ule unga wa mawe meupe, itangulie. Jasi inayang'oa magadi kwenye udongo. Halafu mvua inayaosha."

Walipeleka udongo maabara, wakaambiwa kiasi cha jasi. Wakaitawanya, wakaichanganya na samadi, wakachimba mitaro ya kutoa maji. Shamba halikumwagiliwa tena maji ya kisima.

Baada ya mvua, Wangare alipima tena, hapa na pale. Moshi ulikuwa umepungua. Msimu uliofuata akapima tena. Muturi alikuwa wa kwanza kuchungulia.

"Kibonge kimevunjika! Tumekwisha!"

"Kuvunjika vipande si kitu, Baba Sue. Samadi itasaidia. Wewe angalia maji," Wangare alimwambia mumewe.

Muturi akainua glasi juani. Aliona vidole vyake upande wa pili.

Walipanda maharagwe, yakaota mstari mzima. Siku moja wakipalilia, simu ya Muturi ililia. Akasikiliza kidogo.

"Hapana, boss. Tafuta murram kwingine. Hapa tumepanda."

Akairudisha simu mfukoni, akainua jembe. Likazama udongoni bila kugonga.