Mwanangu Ndiye Ackroyd, Mimi Siye

Nilisoma kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya watu themanini, kwamba mwanangu si mwanangu.

Hakuna aliyenilazimisha jamani. Kipaza sauti nilikiomba mimi.

Ngoja niwaeleze taratibu, msije mkadhani nimechanganyikiwa.

Naitwa Clifford Ackroyd. Kazi yangu ni kujenga kuta za mawe za mashambani huku Yorkshire, Uingereza, zile zisizotiwa saruji hata chembe. Mke wangu Maureen alishatangulia mbele ya haki. Nilibaki na mtoto mmoja tu, Joel, fundi kama mimi.

Jina letu ni jina la mahali. Zamani huku mtu akiulizwa wewe nani, alitaja anakotoka. Ackroyd ni sehemu iliyofyekwa katikati ya miti ya mialoni. Aliyefyeka akaishi pale akaitwa hivyo, na watoto wake, na watoto wa watoto wake.

Leo bondeni kwetu ukirusha jiwe sokoni utampiga Ackroyd. Mchinjaji ni Ackroyd, mwalimu ni Ackroyd, hata mwizi wa kuku ni Ackroyd! Lakini shuka kusini mwa nchi uone, watakuomba uwatajie herufi moja moja.

Basi tukawa na chama cha watu wa jina hilo. Usicheke. Katibu nilikuwa mimi, na kila Aprili tulikula chakula cha mchana pamoja kwenye ukumbi wa juu wa baa, nyama ya kuoka na hotuba ndefu.

Mwenyekiti alikuwa Desmond Ackroyd, rafiki yangu tangu shule. Undugu hatuna, ni jina tu. Alisimama nami siku ya harusi yangu. Maureen alipofariki, alibeba jeneza bega kwa bega na mimi.

Mwaka ule nikaja na wazo langu la kujifanya msomi. Wanaume wateme mate kwenye vichupa, tupeleke maabara, tujue nani katoka kwenye shina la Ackroyd wa kwanza.

Desmond alisitasita. Nikamtania mbele ya watu kwamba anaogopa kuonekana wa kuletwa, akatema.

Aliyekataa ni Joel.

"Baba, achana na hiki kitu."

"Unalionea aibu jina lako?"

"Sioni aibu. Nakuomba tu."

"Basi tema."

Akakichukua kichupa, akatema. Laiti siku hiyo ningemuuliza kwa upole kinachomsumbua.

Majibu yakaja kwenye bahasha. Nikapiga marufuku isifunguliwe kabla ya siku ya chakula, nikitaka mambo yanoge. Mjinga mimi.

Siku ikafika. Watu wameshiba, nikasimama, nikaichana bahasha. Nikaanza kusoma, jina baada ya jina, na kila aliyekuwemo kwenye shina alipigiwa makofi.

"Clifford Ackroyd, hayumo."

Ukumbi ukaangua kicheko, nami nikacheka nao. Nikasema kumbe katibu wenu ndiye wa kuletwa. Tena si ajabu, maana huku mtoto akiokotwa mlangoni pa watu zamani walimpa jina la hapo hapo, na mimi huenda ni wa ukoo wa kuokotwa.

"Joel Ackroyd, yumo."

Kicheko kikakatika.

Mimi bado sijaelewa! Macho yakashuka mstari wa chini, mdomo nao ukafuata. Imeandikwa kwamba Joel na namba moja ni mtoto na baba yake.

Namba moja kwenye orodha alikuwa Desmond. Amekaa kiti cha pili kutoka kwangu, uma mkononi.

"Cliff… ilikuwa zamani," akasema, akiitazama sahani yake.

Sikumpiga. Nadhani ningempiga ningepata nafuu. Badala yake nikamgeukia Joel, maana katika ukumbi mzima ni yeye peke yake ambaye hakushtuka.

"Ulijua?"

"Mama aliniambia alipokuwa anaumwa."

"Ukaninyamazia."

"Nilinyamaza kwa ajili yako, baba."

Hapo ndipo nikatamka maneno ambayo mpaka leo yananikosesha hamu ya kula.

"Baba yako yule pale. Nenda kwake."

Joel akachukua koti lake, akatoka. Kwa Desmond hakwenda. Alihama kabisa na mkewe Tamsin, wakaenda kuishi pwani ya kaskazini. Simu hapigi, nami sipigi.

Miaka miwili, ndugu zangu.

Kuta zetu hujengwa na watu wawili, mmoja kila upande, mkipandisha mawe pamoja. Nilikuwa najenga upande mmoja, kisha nazunguka kwenda kujenga upande wa Joel. Wenye mashamba waliniona, wakajifanya hawakuniona. Nililia sana kwenye kuta hizo, na bado nikasema aanze yeye kuniomba radhi. Kiburi bwana!

Jumamosi moja asubuhi mwezi uliopita, mlango ukagongwa. Tamsin.

Sikumpa hata chai, na kwetu kumnyima mtu chai ni kumtukana. Hakujali. Akaweka karatasi mbili mezani.

Ya kwanza ilikuwa hati ya kubadili jina. Joel Ackroyd sasa anaitwa Joel Netherfold.

Nikacheka kwa uchungu. Nikamwambia kumbe hata jina amelitupa.

"Soma tarehe, mzee."

Nikasoma. Nikavaa miwani, nikasoma tena. Ilikuwa siku kumi na moja kabla ya kile chakula.

"Alikuwa nayo mfukoni mchana ule," Tamsin akasema. "Alipanga akupe mkitoka ukumbini. Ackroyd ni jina la Desmond pia, na yeye alitaka jina ambalo Desmond hana. Akasema watu wa zamani walijiita kwa mahali walipotoka, na yeye ametoka hapa."

Netherfold ni nyumba yangu. Zizi la chini, hiyo ndiyo maana yake, hakuna zaidi. Nyumba ya mawe yenye paa linalovuja, ambamo nilimfundisha kutembea.

Karatasi ya pili ilikuwa cheti cha kuzaliwa. Edith Netherfold, wiki sita.

Akina Ackroyd ni maelfu. Akina Netherfold nimewatafuta kwenye madaftari yangu yote ya ukatibu, wako watatu tu duniani, na wote niliwafukuza mimi.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu nilikuwa sijamshika hata mkono.

Tamsin aliacha namba. Akasema Joel hajui kama amekuja. Alipoondoka nikapiga.

"Joel… ni baba."

"Baba yupi?"

Nilistahili. Nikatafuta jibu zuri, sikulipata, nikasema ukweli.

"Yule aliyekufukuza."

Nyuma yake nikasikia kitoto kinalia. Nikajua anakata simu.

"Subiri," akasema. "Nimbebe mtoto."

Nilisubiri dakika kumi na saba. Hakurudi kuongea, lakini hakukata. Nilikaa na simu sikioni nikimsikiliza akimbembeleza mwanawe, machozi yananitiririka bila hata sauti.

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mimi kazi hiyo niliifanya miaka thelathini, kisha nikaenda kuuliza mate kwenye kichupa kama niliifanya kweli.

Wewe unayesoma hapa, mtu akikuita baba, itika. Usimdai ushahidi.