Mkungasauti wa Sebuleni

"Umeamkaje, Subilaga? Wiki hii mtoto wako ameanza kuisikia sauti yako," kilisema kisanduku cheupe kilichotundikwa ukutani, kwa Kinyakyusa safi kabisa.

Kila nyumba ya kijiji cha Lusungo yenye mjamzito ilipewa chombo hicho. Kiliitwa mkungasauti. Ndani yake mlikuwa na akili unde iliyofundishwa maarifa ya wakunga na madaktari wa vizazi vingi. Ukikiuliza kinajibu papo hapo, na jambo likiwa la hatari kinaita gari-anga kutoka hospitali ya wilaya. Wanawake waliokuwa wakivuka mto kwa ajili ya swali moja, sasa waliuliza huku wakimenya ndizi.

Wataalamu walikitundika sebuleni ili familia nzima ijifunze. Na sebuleni ndiko alikoshinda mzee Mwaisumo, baba mkwe wake Subilaga, tangu goti lilipomharibikia. Mila nyingi zilikuwa zimekufa, lakini aibu ya mkwe na baba mkwe ilibaki. Subilaga alipita ameinama, mzee akageuza uso. Tangu aolewe hawakuwahi kusemezana. Angeutajaje mwili wake mbele yake?

Wiki kadhaa baadaye, kichwa kilipoanza kumgonga, alimwambia mama mkwe.

"Kiulize mkungasauti, mwanangu. Siku hizi mimi najua nini?" alijibu mama, akajitwika kikapu kwenda kuchuma chai.

Subilaga akasogea ukutani. "Mtu akiumwa kichwa kidogo afanye nini?"

"Apumzike, anywe maji. Kuna dalili nyingine? Macho, tumbo, uvimbe?"

Alimtupia mzee jicho la wizi. "Hakuna."

Chombo kikamwamini. Kilijua magonjwa yote ya uzazi, ila hakikujua kwamba mle ndani kuna mtu wa kuonewa aibu.

Siku zilizofuata uso wa Subilaga ukavimba. Asubuhi moja ya mvua alimpelekea mzee chai, akamimina huku ameinama kama kawaida. Chai ikamwagika pembeni ya kikombe, ikatiririka mezani hadi miguuni pa mzee, naye bado anamimina. Mzee akainua macho, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Mkwe wake alikuwa anakipapasa kikombe kama kipofu.

Mzee akashika fimbo, akasimama akigugumia kwa maumivu.

"Wewe wa ukutani," alisema, "huyu anakuficha kwa sababu yangu. Mimi natoka. Muulize tena."

Akaufunga mlango nyuma yake, akasimama uani kwenye mvua.

Subilaga alilia kwanza. Kisha akasema yote: vimulimuli machoni, maumivu chini ya mbavu, vidole vilivyovimba hata pete haitoki.

"Subilaga, hizi ni dalili za hatari. Kifafa cha mimba kinakunyemelea. Nimeshaita gari-anga. Lalia ubavu wa kushoto, uendelee kuzungumza nami."

Gari-anga lilitua kwenye shamba la viazi, na siku hiyohiyo madaktari wakamzalisha kwa upasuaji. Alijifungua binti mdogo mno, lakini mzima. Jicho moja la Subilaga halikurudi kuona sawasawa.

Baadaye mhandisi mmoja aitwaye Mwanaidi, aliyeshiriki kuunda mkungasauti, alikuja hospitalini kukaa kando ya kitanda chake.

"Dada, pole sana. Nimesikiliza mazungumzo yenu. Chombo kilikuuliza kila kitu. Mbona ulisema hakuna?"

"Kiliniuliza mbele ya baba."

Mhandisi aliinamisha kichwa.

"Mwenzako Tumpe, mjamzito wa kijiji cha pili, naye alijibu hakuna," alisema. "Yeye hakufika hapa. Mimi ndiye niliyesema vitundikwe sebuleni."

Subilaga alinyoosha mkono, akamshika.

Jioni mama mkwe aliingia na uji. Mzee hakuingia. Alisimama mlangoni, amewapa mgongo, fimbo mkononi. Mtoto akaanza kulia.

"Mwanangu," aliita kwa sauti ya kusitasita, "huyo anayelia ni wetu?"

Subilaga aliugeukia mlango. "Ni wetu, baba."

"Basi msimnyamazishe."