Jina Lililokwanguliwa

Chini ya birika la ubatizo palikuwa na vumbi jeupe la marumaru, jipya kabisa, ilhali fundi alikuwa ameweka tindo chini tangu Jumanne. Alilifagia kwa mguu. Alikuwa mvivu hata wa kuogopa.

Uvivu huohuo ndio uliomzuia kuvuka bahari kwenda kwenye machimbo ya marumaru kisiwani. Alichukua jeneza la mawe la Warumi wa kale, ambalo wachungaji walinyweshea kondoo, akalikata, akakwangua maandishi ya ubavuni na kuchonga juu yake msuko wa nyuzi tatu. Jumapili, yaani kesho, bintiye angebatizwa humo. Wawili waliomtangulia walikufa bila ubatizo wala jina, wakazikwa nje ya ukuta wa kanisa, na Ursa mkewe hakuwa amemsamehe mtu yeyote kwa hilo.

Saa sita mchana, kanisa likiwa tupu, kitu kikaanza kugonga ndani ya birika. Ngo, ngo, ngo. Fundi akapiga magoti. Msuko wake ulikuwa umelika, na pale alipokwangua, herufi zilikuwa zikipanda kama vipele, na birika lile kavu likatoa harufu ya kaburi lililofunguliwa, ikamjaa puani na kooni hadi akatambaa nje akimwita Padri Mauro.

Padri alisoma kwa sauti ya chini. "Aurelia. Ulilikwangua jina la marehemu?"

"Sijui kusoma, Padri. Ningejuaje ni jina la mtu?"

"Maandishi juu ya jeneza ulidhani ni ya nani, kondoo? Lirudishe jeneza lilikotoka."

"Na mtawala wa mji anakuja kesho kuliona birika? Nitamwambia nini?"

Fundi akalikwangua jina tena mpaka jioni.

Jumapili Padri akamshika mtoto juu ya maji. "Anaitwa nani?"

Ursa akafungua mdomo. Jina alilolichagua tangu mimba halikuja. Mumewe naye hakulikumbuka, na maji yakaanza kupanda bila kumiminwa, yakamfika mtoto kiunoni, yakamfika kifuani, na kitu kisichoonekana kikawa kinamvuta polepole kutoka mikononi mwa Padri, ambaye alikuwa analia na kuomba kwa pamoja.

Ursa akainamia birika. "Kama ni jina unataka, niachie mwanangu. Chukua la huyu aliyelikwangua lako."

"Ursa," mumewe akanong'ona, "unafanya nini?"

"Nimeshazika wawili."

Maji yakashuka.

"Dobrica," Ursa akasema. Padri akambatiza haraka, kisha, kama ilivyo desturi, akamgeukia baba ili alitaje jina lake mbele ya watu. Jina halikumjia. Ursa alikuwa anatazama sakafu.

Fundi akajaribu kujitaja mwenyewe, mara moja, mara ya pili, asiweze. Hofu ikamshika kweli sasa. Akapasua umati mbio hadi kwa mama yake mzazi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akamshika mikono yote miwili.

"Mama, niite. Niite tu."

Mama akamtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Pole," akasema. "Wewe ni mtoto wa nani, baba?"