Dereva Hanywi

"Mnakaa siku ngapi?" afisa wa mpakani aliuliza, muhuri mkononi.

"Tunarudi leo leo," Dereva akajibu bila kufikiri. Kila juma alivusha wageni kwenda kuonja mvinyo ng'ambo, na jioni akawarudisha.

"Yeye anarudi," mkewe akasema. "Mimi sirudi."

Afisa akamtazama Dereva, akamwonea huruma, akagonga muhuri.

Kwenye buti kulikuwa na masanduku mawili na visu vya jikoni vilivyofungwa kwenye taulo. Mkewe alikuwa mpishi, na kiwanda kimoja cha mvinyo huko mbele kilikuwa kimempa kazi na chumba. Dereva mwenyewe ndiye aliyeomba kumpeleka, tena kwa njia ndefu ya milimani. Njia ile iliwahi kuwapatanisha wageni waliopanda gari wamenuniana, naye alitumaini itamrudishia mke. Makubwa haya! Mwenzio kashafunga mizigo, wewe unategemea mandhari.

"Tazama kulia," alisema walipofika kileleni. "Lile bonde lote ni mizabibu, inashuka mpaka mtoni."

"Unanitembeza kama mtalii."

"Nisamehe. Sijui niseme nini."

Kwenye shamba la kwanza la ziara zake za kila juma alisimama kwa mazoea, akazunguka, akamfungulia mlango. "Una nusu saa," akamwambia, kisha akatamani ardhi immeze. Mkewe aliingia peke yake. Dereva akabaki kwenye maegesho, akifuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

Shamba la pili, yale yale. Mkewe aliporudi garini alimkuta kwenye simu.

"Kesho alfajiri una wageni sita," sauti ya bosi ilisikika. "Usiniangushe."

"Sawa, bosi."

Mkewe alifunga mkanda. "Bosi akikuita, huna kipingamizi. Mimi nimekuita miaka mingapi?"

"Mke wangu, nilikuwa natafuta riziki yetu."

"Sizungumzii riziki. Nazungumzia siku ile ya hospitali."

Dereva alishika usukani kwa mikono yote miwili. Siku ile alikuwa amemkimbiza mkewe hospitali akivuja damu, mimba ikiwa changa. Akamshusha mlangoni, akaenda kuegesha.

"Nilikungoja wodini," mkewe akasema. "Nesi akaniuliza, mama, umekuja na nani? Nikamwambia na mume wangu. Akaniuliza, yuko wapi? Mtoto wetu ametoka nikiwa mikononi mwa watu nisiowajua, wewe uko wapi?"

"Kwenye gari."

"Kwenye gari."

"Niliogopa," Dereva akasema. "Nilijua nikiingia nitasikia. Nikajiambia, nikikaa tayari, ukitoka tu tutaondoka. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua, kungoja."

"Basi mimi nimechoka kungojwa nje. Nilitaka mtu wa kukaa nami ndani."

Mizabibu ilipita pande zote mbili, ya kupendeza kweli kweli, na hakuna aliyeitazama.

Kwenye shamba la tatu mwenye kiwanda, mama mmoja mwenye sauti nene, alimpokea mpishi wake mpya kwa kumkumbatia. Dereva alishusha masanduku. Akakabidhi vile visu kwa mikono miwili.

"Kwaheri," mkewe akamwambia. "Endesha taratibu."

Dereva akarudi garini. Akatia ufunguo. Ujumbe ukaingia kutoka kwa bosi: *Umeshageuza?* Akatazama kiti cha pembeni, mkanda ukining'inia, akalia mpaka kwikwi zikamshika. Angewasha gari, angerudi kwenye nyumba yenye jiko lisilo na mtu. Na kosa lilikuwa lile lile, hata sasa: mke yuko ndani, yeye yuko kwenye maegesho.

Akachomoa ufunguo.

Mkewe alikuwa ameketi meza ya dirishani, bilauri ya makaribisho mbele yake haijaguswa. Dereva akavuta kiti, akaketi.

"Eh!" mama mwenye kiwanda akasema. "Miaka yote nakuona kwa dirisha tu. Nikuletee maji, kama kawaida ya madereva?"

"Niletee mvinyo, mama."

"Usifanye utoto," mkewe akasema. "Utavukaje mpaka?"

"Sivuki."

"Na wageni wa kesho?"

Dereva akapiga simu, akaiweka mezani. "Bosi, tafuta dereva mwingine. Mimi nimeshakunywa."

"Umekunywa? Wewe? Una wazimu? Ukikosa kesho, usije tena."

"Nimekusikia, bosi." Akakata. Ndipo akainua ile bilauri ya mkewe, akanywa yote, akakunja uso kama mtoto aliyepewa dawa. Alikuwa amewaleta maelfu kuonja, na hakuwahi kujua ni chungu hivyo.

"Hujui hata kunywa," mkewe akasema, machozi yakimtiririka.

"Sijui. Na sikuomboleza mtoto wetu pamoja nawe. Niambie ilivyokuwa wodini. Mwanzo mpaka mwisho. Sitoki."

Mkewe akaivuta ile bilauri tupu, akaizungusha mezani.

"Sijasema nimekusamehe."

"Najua."

"Na kazi siiachi."

"Usiiache. Mimi ndiye sina kazi."

Mkewe akacheka kidogo bila kutaka, akafuta uso kwa kiganja. Kisha akasogeza kiti chake, akamshika mkono, akaanza kusimulia. Nje, kwenye maegesho, gari lilingoja lenyewe.