Kadi Nyekundu kwa Wimbo wa Saba

Walikutana Newtown, Johannesburg, siku ya Jumamosi, soko likiwa limefurika, mbele ya meza ya fulana za bendi. Ilibaki fulana moja tu ya Lazy Robots, ya njano, na mikono miwili iliikamata kwa pamoja.

"Kaka, hii haikutoshi," alisema mwanamke. "Utaonekana kama soseji."

"Mimi fundi cherehani, dada. Nitaongeza kitambaa ubavuni. Wewe je? Si utaogelea humo?"

Mwanamke akacheka kicheko kikubwa kilichowageuza watu. Jina lake Kemunto, Mkenya wa benki huko Sandton. Alivaa sketi ya kijivu na viatu vyekundu vya kisigino. Mwanamume aliitwa Bakiri, mtu wa Tanga, mwenye duka dogo la ushonaji Yeoville. Tepu ya kupimia ilikuwa bado shingoni mwake. Alimwachia fulana, kisha akaomba namba ya simu.

"Ya nini?"

"Ya kukupunguzia hiyo fulana kiunoni."

Hivyo ndivyo walivyopendana, na bendi ile ikawa yao wawili. Lazy Robots walipendwa kwa nyimbo fupi, magitaa ya haraka na viitikio vitamu ambavyo ukumbi mzima uliimba. Jioni Bakiri alipiga simu Sandton, akaanza ubeti, Kemunto akajibu kiitikio, wakacheka mpaka salio likaisha.

Jambo moja tu liliwakwaza. Kila Ijumaa Bi Mwatumu, mama yake Bakiri, alipiga simu kutoka Tanga.

"Mama anataka kukusikia," Bakiri alinong'ona akimnyooshea simu. "Salamu tu, kipenzi."

"Si leo, dear. Nyinyi watu wa Tanga mnaongea kama kitabu. Nitasema shikamoo halafu nikwame. Atanicheka."

"Mama hamcheki mtu."

"Wacha kwanza nijifunze vizuri. Nipe muda."

Bakiri alimpa muda. Bi Mwatumu hakuwa nao. Alifariki wakati wa masika, na Kemunto alikuwa hajamwambia hata neno moja.

Mwaka huo bendi ikatoa nyimbo mbili za kuonjesha albamu ya nne, na mashabiki wakagawanyika vibaya. Viitikio vilikuwa vimeondolewa. Magitaa yalisikika kwa mbali, na badala yake kulikuwa na milio ya treni, vyombo vya jikoni na sauti za watu. Kwenye kundi la simu wengine waliandika kwamba bendi imekomaa. Wengine, Kemunto akiwa mbele, waliandika kwamba wamesalitiwa.

Mashabiki hao walikuwa na desturi yao. Kabla ya albamu kutoka walikutana ukumbini Newtown, kila mmoja akiwa na kadi tatu, za kijani, njano na nyekundu, kama taa za barabarani ambazo watu wa Johannesburg huziita robot. Nyekundu zikizidi nusu, wimbo ulikatwa papo hapo. Na hakuna aliyejua kuitetea kadi nyekundu kama Kemunto. Watu walikuja kusikiliza ulimi wake.

Asubuhi ya siku ya kuisikiliza albamu ya nne, Bakiri alimpigia simu.

"Wimbo wa saba ukianza, usinyanyue kadi. Ngoja uishe."

"Eish! Gaël amekuhonga?" Gaël alikuwa mpiga gitaa wa bendi, Mkongomani wa Yeoville, na Bakiri ndiye aliyemshonea makoti.

"Ngoja tu uishe, bibie. Nakuomba."

Alikuja amevaa shati jeupe alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, na mfukoni mwake mlikuwa na pete.

Wimbo wa saba haukuwa na gitaa hata moja. Cherehani ilinguruma, na juu yake mwanamke mzee akaimba bila maneno, kwa pumzi fupi, akikatizwa na kikohozi. Watu wakaanza kuguna.

"Kemunto! Kemunto!" wakaita.

Alimtazama Bakiri. Bakiri akatikisa kichwa. Kemunto alidhani anamkingia rafiki yake kifua. Tena, jina lake lilikuwa linaitwa na ukumbi mzima. Akasimama, akapokea kipaza sauti.

"Jameni, mimi nilikuja kusikia magitaa. Huyu nyanya alikuwa anatafuta choo akapotelea studio? Mpeni maji, arudishwe kwao!"

Ukumbi uliangua kicheko. Kadi nyekundu zikajaa hewani, wimbo ukakatwa.

Bakiri alichukua koti lake akatoka. Kemunto alimkuta nje, kando ya barabara.

"Ulikuwa utani, Bakiri! Gaël mwenyewe atacheka."

"Ungeipokea simu yake hata mara moja, ungeijua sauti yake."

"Simu ya nani?"

"Umesema arudishwe kwao. Amekwishazikwa kwao, Kemunto."

Albamu ilipotoka, Kemunto alifunga mlango wa ofisi wakati wa chakula cha mchana, akauweka wimbo wa saba. Alifika pale walipoukata, akapita. Cherehani ikanyamaza. Sauti ya mzee, iliyorekodiwa simuni, ikasema: "Bakiri mwanangu, huyo Mkenya wako bado ananiogopa? Mwambie simu yangu haiumi. Aniamkie hata kwa lugha ya kwao. Nitaitikia."

Akampigia Bakiri.

"Nimeusikia mpaka mwisho," alisema. "Nilidhani atanicheka."

"Najua."

"Kumbe mimi ndiye nimemcheka."

"Eh. Mbele za watu."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Hilo lisikusumbue."

"Basi nije Yeoville leo?"

"Usije."

"Si umesema umenisamehe?"

"Nimekusamehe. Lakini kila utakapocheka nitausikia ukumbi ule. Siwezi kuishi nyumba moja na kicheko ninachokiogopa. Ubaki salama, kipenzi."

Simu ikakatika. Kemunto akaurudisha wimbo nyuma kidogo. Nitaitikia, ilisema ile sauti.

"Shikamoo, mama," alisema Kemunto, kwa lafudhi yake ya Kisii, bila kukwama.

Akangoja. Wimbo wa nane ukaanza.