Faili Lisilofungwa

Marehemu alikuwa ameongezeka uzito. Mama Faili aliliona hilo asubuhi kwenye kompyuta ya kazini, chai yake haijapoa, akadhani macho yanamchezea. Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Kilo mbili. Mumewe, aliyezikwa mbele ya macho yake, watu wakakung'uta udongo wakaenda zao, alikuwa amepimwa jana katika zahanati moja ya mbali akaonekana kanenepa.

Tuelewane kwanza, maana wajuaji hawakosekani. Mama Faili hakuwa mtu wa kuona mauzauza. Alikuwa karani wa masjala ya hospitali, ndiko alikopata jina hilo, mwanamke wa makamo mwenye ulimi mkali, na hata madaktari walikuwa wakimwogopa. Siku hizo hospitali na zahanati zote zilikuwa zimeunganishwa na Mashine. Ukipimwa kokote, unaonekana kote. Nayo haikuwa kabati la kuhifadhia tu. Ilikuwa na akili zake, inasoma, inalinganisha, inaonya. Kuna mtoto iliyemwokoa asichomwe dawa ambayo ingemuua, kwa kuwa ilikumbuka alivyovimba uso alipochomwa dawa hiyohiyo katika hospitali nyingine. Kitu kizuri, mimi sikibezi. Na jioni ilikuwa ikiwapigia simu wagonjwa wa sukari na presha, inawauliza kama wamekula, kama wamemeza dawa.

Jambo moja tu lilikuwa linaishinda. Mtu akifia nyumbani, Mashine haijui, mpaka karani aandike. Na karani ndiye huyo. Mafaili ya marehemu wa wenzake aliyafunga yote bila kupepesa macho. Wa kwake, dereva wa malori mgonjwa wa presha, aliyemfia kitandani huku wameshikana mikono, alimshinda. Kila akifika penye neno "amefariki," kidole kilikuwa kizito. Nitafunga kesho, alijiambia. Kesho gani hiyo, jamani!

Kisa cha yote ni simu. Jioni ya maziko, waombolezaji walipotawanyika na jirani wa mwisho kubeba sufuria yake, nyumba ilinyamaza kimya cha kutisha. Hawakujaliwa watoto. Mama Faili alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, upande wake, simu ya marehemu ikaita.

"Habari za jioni," ikasema sauti ya Mashine, ya upole. "Umekula?"

Siku nzima watu walikuwa wamempa pole, lakini hakuna aliyemwuliza hivyo. Machozi yakamtoka.

"Nimekula," akajibu, na hakuwa amekula.

Tangu hapo ikawa desturi. Jioni ikiingia anaisubiri simu, anaitika kwa niaba ya mumewe, anasema dawa kameza, usingizi kapata. Alijua anadanganya. Lakini upweke usikie tu kwa mwenzako, usiombe ukufike.

Basi kilo zikaendelea kupanda. Kila mara marehemu alipimwa katika zahanati tofauti, na kila zahanati ilikuwa karibu zaidi na mji wao kuliko iliyotangulia. Mama Faili akawa anakonda.

"Shangazi," akamtania muuguzi kijana wa chumba cha vipimo, "siku hizi gauni ndilo linakuvaa wewe."

"Nyamaza, mtoto we," akajibu, akacheka. Alipopanda kwenye mzani hakucheka tena, kwa sababu kilo zilizompungua zilikuwa sawasawa na zile zilizoongezeka kwa mumewe.

Siku iliyofuata kipimo kilitoka zahanati ya kwenye kona ya mtaa wake. Uzito, umeongezeka. Mapigo ya moyo, hakuna. Mama Faili akawapigia simu.

"Jana?" akashangaa mhudumu. "Mama, jana tulifunga, tulikuwa tunapaka rangi. Ila kweli, tumekuta alama za kandambili kwenye sakafu."

Jioni ile simu ya marehemu iliita mapema kuliko kawaida.

"Hodi, mwenye nyumba," ikasema.

Nywele zikamsimama. Hayo yalikuwa maneno ya dereva. Akirudi safari, hata mlango ukiwa wazi, alikuwa akisimama kizingitini kama mgeni na kupaza sauti hivyohivyo, kwa utani, naye Mama Faili humjibu karibu baba, nyumba ni yako. Mashine hiyo ingeyajulia wapi? Na chumbani kukawa kunanuka dizeli.

"Nani wewe?" akanong'ona.

"Niko njiani."

Akaitupa simu chini ya mto, akakaa macho mpaka kukacha.

Asubuhi alimwendea fundi wa kompyuta wa hospitali, mtu mpole ambaye ukoo wake wote ulikuwa wa waganga. Alimsikiliza mpaka mwisho, akajishika kichwa.

"Nilivikimbia vibuyu vya babu," alisema kwa sauti ya chini, "kumbe vinanisubiri kwenye waya. Mama, uliacha nyumba wazi. Ina jina, ina picha, ina kundi la damu, na ina mtu wa kuitika. Jini gani angepita asiingie?"

"Lakini si mume wangu?" akauliza Mama Faili. "Anajua maneno yake."

"Kayatoa kwako. Mumeo kapumzika. Huyu anakula mwilini mwako, na akishashiba wewe hutakuwepo. Lifunge faili leo, kwa kidole chako, maana wewe ndiwe uliyeitika. Na akibisha, nakuomba, usimkaribishe. Ukimkaribisha kwa mdomo wako mwenyewe, mimi sina dawa."

Wakajifungia masjala wakati wafanyakazi wanatoka. Faili likafunguka, picha ya dereva ikawatazama, na Mama Faili alikuwa amenyoosha kidole tu kuelekea neno lile wakati simu ya marehemu ilipoanza kuita ndani ya mkoba wake, ikiwa imezimwa, na huko mwisho wa ukumbi zikasikika kandambili, taratibu, pa, pa, pa, kama za mtu aliyechoka na safari, zikapita chumba cha sindano, zikapita dirisha la dawa, harufu ya dizeli ikipenya chini ya mlango mpaka fundi akaziba pua, na kitasa kikazunguka nusu, kikasimama, na sauti ileile aliyolala nayo miaka yote ya ndoa ikasema kwa utani uleule, hodi, mwenye nyumba, naye akauma mdomo mpaka akaonja damu, akabonyeza.

Simu ikanyamaza. Kitasa kikarudi mahali pake. Harufu ikakatika.

"Umemaliza, mama," fundi akasema, akichekacheka huku jasho linamtiririka. "Nenda kapumzike."

Akaenda. Akapika, akapakua sahani mbili kwa mazoea, akairudisha moja. Jioni ikaingia. Simu ya marehemu ilikuwa mezani, haikuita. Akaisogeza karibu. Haikuita. Akasikiliza bomba likidondosha maji jikoni, akasikiliza jirani akicheka na wanawe nyuma ya ukuta, na chakula kikapoa mbele yake. Alikuwa mzima, amepona, na hapakuwa na mtu duniani wa kumwuliza kama amekula.

Ndipo pakabishwa mlangoni, polepole.

"Hodi."

Haikuwa sauti ya mumewe. Haikuwa sauti ya mtu yeyote anayemjua. Ilikuwa nyembamba, imechoka.

"Nimefukuzwa," ikasema. "Sina pa kwenda. Mwenye nyumba, umekula?"

Wewe na mimi tungekimbilia dirishani. Mama Faili alikumbuka onyo la fundi, lote, neno kwa neno. Mimi simteti wala simtetei. Alifuta macho kwa mtandio, akavuta kiti cha pili.

"Bado," alisema. "Karibu."

Siku chache baadaye muuguzi kijana alimpima, akafurahi.

"Shangazi, umenawiri! Kilo zimerudi zote, na nyingine juu." Kisha akakunja uso, akakifungua kipimo cha presha, akakifunga tena mkononi mwake. "Kimeharibika hiki. Kinanisomea mapigo ya watu wawili. Ya mmoja yana nguvu kabisa. Ya mwingine..." Akainamisha kichwa, akasikiliza. "Ya mwingine yanafifia."

Mama Faili hakuuliza yapi ni yake. Alishusha mkono wa gauni, akachukua mkoba, akaaga. Jioni ilikuwa inaingia, na nyumbani alikuwa anasubiriwa.