Mtu wa Kuarifiwa

Foleni ya picha za pasipoti ilifika mpaka mlangoni, na aliyeikwamisha alikuwa askari mmoja wa miguu. Sajini mrefu, sare imenyooka kwa pasi, viatu vinang'aa. Lakini kila mpiga picha aliponyanyua kamera, yeye alicheka.

"Afande, funga mdomo. Picha ya fomu haichekwi."

"Nifunge vipi na wewe umenikazia macho hivyo, bibie?"

"Nina watu ishirini nyuma yako."

"Basi nipe namba, nikamalizie kucheka kwenye simu."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mpiga picha, binti wa gauni la njano na ulimi mkali, aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Namba akaitoa.

Mapenzi yao yakawa ya kuagana na kupokeana. Jeshi lilimpeleka sajini kulinda amani nchi ya mchanga mtupu, likamrudisha, likampeleka nchi ya mvua isiyokatika. Kila safari alipigwa picha nne za fomu, na ya tano mpiga picha aliibandika kwenye kioo cha chumba chake.

"Umekula, mpenzi?" mpiga picha alimuuliza kwenye simu.

"Biskuti za jeshi. Bora ningetafuna kiatu."

"Rudi nikupikie."

"Nikirudi nakuoa."

"Ulisema hivyo hata safari iliyopita, mwongo wewe!"

Safari ya tatu, redio ikatangaza kwamba kikosi chake kimeshambuliwa. Simu yake haikupatikana. Mpiga picha akapiga kambini.

"Wewe ni nani wake?" karani akauliza.

"Mchumba wake."

"Kwenye fomu yake, penye mtu wa kuarifiwa, hujaandikwa, dada yangu. Siruhusiwi kukwambia kitu."

Alilia, akabembeleza, akapiga tena na tena. Jibu lilikuwa lile lile. Siku kumi na moja alipiga watu picha, simu kaiweka kauntani mbele yake. Siku ya kumi na mbili sajini mwenyewe akapiga kutoka hospitali. Kipande cha chuma kilimwingia pajani, na dada yake mkubwa, ambaye hakujua hata kama mpiga picha yupo duniani, aliarifiwa siku ile ile ya shambulio. Mpiga picha alimshukuru Mungu, kisha akakata simu. Hakupokea tena.

Miezi mitatu baadaye sajini akaingia studio akichechemea.

"Picha ngapi?" mpiga picha akauliza bila kumtazama.

"Nne. Narudi kikosini."

"Na mguu huo?"

"Daktari kaupitisha. Miaka kumi na saba jeshini, mpenzi, nikiitwa naenda."

"Usiniite mpenzi. Mpenzi gani hayumo hata kwenye karatasi?"

Sajini akashusha pumzi. "Anayeandikwa pale, kila simu ngeni inamrusha roho. Mama yangu aliishi hivyo mpaka akafa. Nilitaka kukuepusha."

"Ukaniepusha na nini? Nilikuzika siku kumi na moja, peke yangu!"

Sajini alikunjua fomu mpya juu ya kaunta. Penye mtu wa kuarifiwa palikuwa na jina la mpiga picha, kwa herufi kubwa. Penye uhusiano palikuwa patupu.

"Hapa niandike nini?"

Mpiga picha alimnyang'anya kalamu. Alitamani kuichana fomu ile, amfungie mlango asiende popote, lakini alijua angekwenda tu. Akaandika: *mke*.

Alipomweka mbele ya kamera, safari hii sajini hakucheka.

"Cheka kidogo," alimwomba. "Ya tano ni yangu."

Walifunga ndoa, wakaishi pamoja wiki tatu, kisha sajini akaondoka. Tangu hapo kila namba ngeni ilimfanya mpiga picha ashike kaunta kwanza, hata kama ni mteja anayeuliza bei. Mchana mmoja, studio imejaa watu, ikaingia namba ndefu ya nje.

"Haloo?"

"Mke wangu, habari za..."

"Sema kwanza uko mzima!"

"Niko mzima."

Akakaa kwenye kigoda cha wateja, mbele ya kamera yake mwenyewe.

"Haya," akasema. "Sasa nisalimie."